Mwili na Nchi Yake: Maoni kuhusu Tiba ya Kichina na Kifafa cha Mbulu

Husemwa mara kwa mara, hata katika madarasa yetu, kwamba tiba ya Ulaya humtibu mgonjwa kiungo kimoja kimoja, lakini tiba ya jadi ya Kichina humtazama mtu mzima, pamoja na majira, hewa, chakula na ardhi aliyomo. Usemi huu unapendwa sana, na sababu yake si ngumu kuiona: unatukumbusha wazee wetu. Mwanafunzi wa Mbulu au wa Katesh anapoelezwa kwamba kwa Wachina wa kale afya ya mtu haikutengana na hali ya nchi, hutambua jambo alilopata kulisikia nyumbani kwao. Mimi sina ugomvi na usemi wenyewe. Ugomvi wangu ni kwamba tukishausema hupiga makofi na kuketi, kana kwamba jibu limekwisha kupatikana. Kwa maoni yangu, kuuona mwili na nchi kuwa kitu kimoja ni mwanzo wa swali tu. Na katika wilaya za Mbulu na Hanang swali hilo lina gharama yake, ambayo hulipwa na watu wanaoanguka kifafa.

Kwanza yafaa tueleze mafundisho yenyewe, maana mara nyingi husifiwa na watu wasioyajua. Kitabu kikuu cha tiba ya Kichina, Huangdi Neijing, kilikusanywa zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Humo mwili huelezwa kama nchi ndogo iliyo ndani ya nchi kubwa. Kuna nguvu iitwayo qi, ambayo hupita mwilini kwa njia zake kama maji ya mifereji. Kuna yin na yang, yaani pande mbili zinazokamilishana, kama kivuli na jua, baridi na joto, utulivu na mwendo. Na kuna hali tano, nazo ni mti, moto, udongo, chuma na maji. Kila hali ina kiungo chake na majira yake. Ini huenda pamoja na mti na majira ya kuchipua. Moyo huenda na moto na majira ya joto. Mapafu na chuma na majira ya majani kupukutika. Figo na maji na majira ya baridi kali. Wengu umepewa udongo na mwisho wa majira ya joto. Ugonjwa, kwa hesabu hii, ni mizani iliyopotoka, na kazi ya mganga ni kuirudisha, kwa dawa za mimea, kwa sindano, kwa chakula au kwa kumwonya mgonjwa abadili mwenendo.

Ni mafundisho mazuri, yenye mpango. Lakini mwalimu wa Jiografia wa Mbulu hana budi kuuliza swali moja jepesi: majira hayo ni ya wapi? Ni ya kaskazini ya Uchina, ambako theluji huanguka na miti hupukutisha majani. Katika nyanda za juu za Mbulu mvua huanza kunyesha mwezi wa Novemba au Desemba na kwisha Mei, kisha hufuata kiangazi kirefu. Ikiwa kweli mwili hufuata nchi uliyomo, basi mwili wa mtu wa Mbulu hauwezi kufuata kalenda ya Beijing. Anayeyachukua mafundisho hayo yote kama yalivyo na kuyatumia hapa amekwisha kuuvunja msingi wake wenyewe. Wala tusidhani kwamba yameshuka kutoka zamani bila kuguswa. Mwaka 1822 mfalme wa Uchina aliamuru matibabu ya sindano yaondolewe katika chuo cha tiba cha ikulu. Na yale yanayofundishwa leo kwa jina la tiba ya jadi ya Kichina yalipangwa upya na serikali katika miaka ya 1950, ilipoanzisha vyuo vyake vya kwanza mwaka 1956 katika miji ya Beijing, Shanghai, Guangzhou na Chengdu.

Je, basi, mwili wa mtu wa huku kwetu hufuata majira ya huku kwetu? Jambo hili limepimwa, na lilipimwa jirani kabisa. Wahadzabe wa bonde la Yaeda na kandokando ya Ziwa Eyasi bado wako wanaoishi kwa kuwinda na kuchuma. Wakati wa kiangazi hula nyama kwa wingi zaidi; wakati wa masika hupata zaidi asali na matunda ya porini. Mwaka 2017 wanasayansi walitangaza katika jarida la Science matokeo ya uchunguzi wa sampuli 350 za choo kutoka kwa Wahadzabe 188, zilizokusanywa kwa muda uliopita mwaka mmoja. Walikuta kwamba bakteria waishio utumboni hubadilika pamoja na majira: aina fulani hupungua mno wakati wa mvua, hata mtu angedhani zimetoweka, kisha hurudi kiangazi kinaporudi. Hivyo majira ya Yaeda yamo ndani ya matumbo ya watu wa Yaeda. Wachina wa kale wangefurahi kusikia habari hii, lakini haikupatikana kwa kuutazama mwili mzima kwa mbali. Ilipatikana kwa kuchukua choo kidogo, tena na tena, na kuhesabu.

Tuwatazame sasa wazee wetu. Kwa desturi ya Wairaqw, eneo la nchi liitwalo aya halikuwa ardhi ya kulima tu. Lilikuwa na mipaka yake na wazee wake, na lilihitaji kutibiwa na kusafishwa kama mtu. Nyumba iliyopatwa na misiba ya aina fulani, kama mimba kuharibika au kifo cha namna fulani, iliingia katika hali iitwayo metimani: watu wake walitengwa kwa muda, wasiingie nyumba za wengine wala kula pamoja nao, kwa kuwa uchafu ule uliaminiwa kwamba waweza kuambukiza watu na hata kudhuru rutuba na mvua. Wabarbaig wa Hanang nao wana desturi zinazofanana na hizo. Si haki kuyaita mambo haya ujinga. Ndani yake mna wazo la kuambukizana, wazo la karantini, na wazo kwamba tendo la nyumba moja laweza kuwadhuru majirani wote. Haya ni mawazo makubwa, na watu wa Ulaya waliyabishania hadi karne ya 19.

Swali ni hili: wazo kubwa la namna hiyo huweza kutupeleka wapi, na hutuacha wapi? Kifafa kitatuonyesha.

Katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 ufugaji wa nguruwe ulienea sana Mbulu. Nguruwe ni mnyama anayemfaa mkulima mdogo: huzaa wengi, hukua upesi, na hula mabaki. Wengi waliachwa wazurure, hasa baada ya mavuno. Helena Ngowi wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wenzake walikagua nguruwe 770 katika vijiji 21 vya Wilaya ya Mbulu, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2004. Walitumia njia ambayo wachuuzi wa nguruwe waliijua zamani: kumfungua nguruwe kinywa, kuuvuta ulimi wake nje na kuupapasa kwa vidole kutafuta vivimbe vidogo. Nguruwe 17 katika kila 100 walikuwa navyo. Nao ni wale tu waliotambulikana kwa vidole. Njia hiyo huwaacha wengi ambao vivimbe vyao vimo kwingine katika nyama.

Vivimbe hivyo ni vifuko vyenye majimaji, na ndani ya kila kimoja mna mtoto wa mnyoo aitwaye tegu wa nguruwe, au Taenia solium kwa jina la kitaalamu. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva, mtoto wa mnyoo hujishikiza katika utumbo wake na kukua, hata kufikia urefu wa mita kadhaa. Mwenye tegu mara nyingi haumwi. Huenda asijue lolote. Lakini pingili za mnyoo hukatika na kutoka pamoja na choo, na pingili moja huweza kuwa na mayai makumi ya maelfu. Ikiwa mtu huyo hana choo cha shimo, au anacho lakini hakitumii, nguruwe anayezurura huyala mayai hayo pamoja na kinyesi, na vifuko hutokea katika nyama yake. Hapo duara hufungika.

Ila duara hili lina mlango wa pembeni, na mlango huo ndio wenye msiba. Mayai yale yale yakimezwa na binadamu, kwa mikono isiyonawiwa, kwa maji au kwa mboga, mwili wa binadamu huchukua nafasi ya mwili wa nguruwe. Vifuko hutokea katika misuli, machoni na ubongoni. Kifuko cha ubongoni kinapoanza kufa, ubongo unaokizunguka huvimba, na mtu huanguka kifafa. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 magharibi ya Mbulu, daktari wa mishipa ya fahamu Andrea Winkler na wenzake waliwapiga wagonjwa wa kifafa picha za ubongo kwa mashine ya kompyuta. Karibu mmoja katika kila sita alikuwa na alama za vifuko hivyo. Kifafa kina visababishi vingine pia, kama vile madhara wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani na ajali za kichwa. Lakini hiki kimoja kingeweza kuzuiwa chote.

Hapa nawaomba wasomaji tutulie kidogo. Katika sehemu nyingi za nchi yetu watu huogopa kumgusa anayeanguka kifafa. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyeanza kuwatibu wagonjwa wa Mahenge karibu na mwaka 1960, ameeleza jinsi walivyotengwa, wakala peke yao, na wengine wakaungua kwa kuangukia motoni. Hofu hiyo ina mantiki yake: ugonjwa huambukiza, kwa hiyo mgonjwa atengwe. Tena, kuhusu kifafa hiki cha Mbulu, nusu ya kwanza ya hofu hiyo ni kweli! Kuna kitu kinachoambukiza. Lakini hakitoki kwa yule anayeanguka. Kutikisika kwake, jasho lake na povu la kinywa chake havimdhuru mtu yeyote. Hatari iko kwa jirani mzima wa afya, mwenye tegu tumboni, ambaye huenda ndiye anayempikia chakula. Tunamtenga asiye na hatia, na kumwachia jikoni mwenye mnyoo.

Fikra ya jumla, iwe ya Kichina au ya Kiiraqw, isingeweza kuligundua jambo hili peke yake. Ingeweza kusema, na ingesema kweli, kwamba nchi imechafuka na watu wanaugua. Isingeweza kumtambua mtu mmoja mwenye afya njema kuwa ndiye mlango. Ili kumpata huyo ilibidi jumla ifunguliwe, iangaliwe mnyama, nyama, yai, mkono na ubongo, kila kimoja kwa zamu yake, kisha ifungwe tena.

Na pasiwe na mtu anayefikiri kwamba jawabu ni kuacha nyama ya nguruwe, halafu tukalala. Mwaka 1992 madaktari wa New York walieleza habari za Wayahudi wanne washika dini, watu wasiokula nguruwe kamwe, ambao walipatikana na vifuko ubongoni. Mayai yaliingia nyumbani mwao kwa mikono ya watumishi wenye tegu. Mwislamu wa Babati au Msabato wa Dongobesh naye hana kinga kwa kushika mwiko wake, ikiwa kinyesi cha jirani kimefika kwenye kisima chake au kwenye bustani ya mboga.

Lakini ni haki vilevile kuwageukia wenzetu wanaotazama kiungo kimoja kimoja. Daktari akitoa fenobabitoni, kifafa hupungua, na hilo ni jambo kubwa, kwani dawa hiyo ni ya bei nafuu na imewarudisha wengi shuleni na shambani. Duara, hata hivyo, linaendelea kuzunguka. Mganga wa mifugo akimpa nguruwe dawa ya oksifendazole pamoja na chanjo ya TSOL18, nguruwe husafika, lakini mwenye tegu anaendelea kumwaga mayai. Bwana afya akihimiza vyoo na nguruwe wakaendelea kuzurura, kazi imefanyika nusu. Elimu iliyotolewa katika vijiji vya Mbulu ilifanya watu wengi zaidi waujue mnyoo na wapunguze kula nyama yenye vifuko. Kujenga mabanda na kubadili desturi za choo kulikuwa kugumu zaidi, maana banda lahitaji mbao, na nguruwe aliyefungwa lazima aletewe chakula katika miezi ambayo hata watu hawana cha kutosha. Kwa hiyo ugonjwa huu ni wa mwili na nchi pamoja, barabara kama wazee walivyotuambia. Siku hizi wizara zetu zina jina la mwenendo huo, Afya Moja. Nalipenda jina hilo, ingawa nimeona likitumika zaidi katika semina kuliko katika mazizi.

Uchina wenyewe unatupa mfano bora wa namna ya kuitumia hazina ya kale. Tarehe 23 Mei 1967 serikali ya huko ilianzisha kazi ya siri ya kutafuta dawa ya malaria. Bibi Tu Youyou na wenzake walipekua vitabu vya zamani, wakakusanya maelekezo ya dawa yapatayo 2000 na kujaribu dondoo zaidi ya 300. Mmea mmoja, qinghao, ulionyesha dalili njema halafu ukashindwa. Akarudi kwenye maandishi ya Ge Hong, mtaalamu wa karne ya 4, akaona kwamba huyu aliagiza mmea ulowekwe katika maji na kukamuliwa, hakusema uchemshwe. Bibi Tu akawaza kwamba huenda moto ndio unaoiharibu dawa. Mwaka 1971 alitumia etha, ambayo huchemka kwa joto dogo, na dondoo ile ikawaponya panya wote wenye malaria. Mwaka uliofuata yeye na wenzake waliinywa kwanza wao wenyewe ili kuona kama ina madhara. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Dawa mseto tunazopewa zahanati leo zina asili hiyo, na mmea wenyewe umepata kulimwa kaskazini mwa Tanzania.

Yatupasa tuangalie vizuri ni kitu gani kilichosaidia. Mafundisho ya yin na yang hayakumwambia Bibi Tu kiasi cha joto. Aliambiwa na mtu wa vitendo, aliyeandika hasa alivyofanya kwa mikono yake miaka 1600 iliyopita. Hata hapo hakuamini tu; alipima. Na kwa kuwa kipimo ni muhimu hivyo, Shirika la Afya Duniani halikubali mtu atumie chai ya mmea huo kama tiba ya malaria: kiasi cha dawa kikombeni hubadilika, mgonjwa huenda asipone, na vimelea huweza kujenga usugu.

Jumla isiyopimwa, kwa upande mwingine, ina tamaa yake. Katika tiba ile ile ya Kichina mna gundi iitwayo ejiao, inayochemshwa kutokana na ngozi ya punda, na kusifiwa kwamba huongeza damu. Utajiri wa Uchina ulipoongezeka, punda wa kwao hawakutosha, na wanunuzi wakageukia Afrika. Machinjio ya punda yalifunguliwa hata Dodoma na Shinyanga. Mwezi wa Februari 2024 nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kupiga marufuku kuchinja punda kwa ajili ya ngozi. Mtu wa Mbulu au Hanang hahitaji kuelezwa punda ni nini. Ndiye anayeshusha mahindi mnadani na kupandisha maji mlimani. Akiondoka, mzigo huhamia mgongoni mwa mama na binti. Tiba inayojisifu kwamba huunganisha mwili na maumbile imeonekana hapa ikiimarisha damu ya mtu wa mbali kwa kuvunja kiuno cha mtu wa karibu.

Basi walimu wafanye nini? Naomba walimu wa Biolojia na wa Jiografia katika shule za Mbulu na Hanang washirikiane kwa muhula mmoja tu. Wanafunzi wachore ramani ya kitongoji, isiyo na majina ya watu: visima, vyoo vinavyotumika na vilivyobomoka, mabanda ya nguruwe, njia wanazopita wakizurura, bustani za mboga, mteremko wa maji ya mvua. Kisha wachore juu yake, kwa rangi nyingine, safari ya yai la tegu. Waende pia kwa mzee mmoja au wawili wawaulize nchi ilipochafuka zamani ilisafishwaje, na ni nani aliyetengwa, kwa siku ngapi, na kwa sababu gani. Wayaandike majibu kama walivyoambiwa, bila kucheka na bila kuyapamba. Mwenye kifafa kitongojini asitafutwe wala kuoneshwa kidole. Na mwanafunzi akigundua kwamba nyumbani kwao kuna mwenye dalili za tegu, ashauriwe aende kituo cha afya, asinunue dawa dukani, kwa kuwa dawa ya minyoo ikimkuta mtu mwenye vifuko ubongoni yaweza kumwangusha. Na siku ya mnada, wamtafute mchuuzi wa nguruwe mwenye umri mkubwa, wamwombe awaonyeshe jinsi anavyoushika ulimi, na wamwulize ni nani aliyemfundisha kupapasa mahali pale, na nguruwe anayemkataa baada ya kumpapasa huwa anakwenda wapi.